Usinunue Rangi: Namna ya Kuchagua Mashine ya Kufyekea Nyasi za Nyumbani

Masika yakishapiga wiki mbili mfululizo, mwenye kiwanja Goba, Madale au Kigamboni huamka akakuta ukoka umefika magotini na vyura wamehamia chini ya dirisha la chumba cha kulala bila kulipa kodi. Ndipo mtu mzima, mwenye familia na mkopo wa benki, anapopanda gari mpaka Kariakoo, anaingia duka la kwanza lenye mashine zilizoning'inizwa mlangoni, anachagua inayong'aa kuliko zote, na kabla ya adhuhuri amesharudi nyumbani amenunua rangi. Rangi nzuri kweli, ya machungwa na nyeupe. Ila rangi haikati nyasi.

Mwongozo huu unamkimbilia mtu huyo kabla hajatoa pesa mfukoni. Nazipenda mashine za petroli za uani. Napenda mlio wake wa Jumamosi asubuhi na harufu ya majani yaliyokatwa, na inaniuma kuona injini mpya inazikwa stoo baada ya msimu mmoja kwa sababu ya haraka ya mnunuzi na ulimi wa muuzaji. Neno langu ni moja: mashine ya kuaminika ni ile yenye spea dukani na fundi mtaani. Nguvu, jina, bei na hiyo rangi vipange foleni nyuma.

Kazi inaanzia nyumbani, kwa tepu ya kupimia. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400 kwenye hati tu. Ondoa nyumba, baraza, tangi la maji, banda la kuku na gari la shemeji ambalo limesubiri injini tangu uchaguzi uliopita, utabaki na eneo ambalo fyekeo lililonolewa vizuri linalimaliza kabla jua halijawa kali. Kama nyasi zako ni laini na uwanja ni tambarare, ipo pia mashine ya kusukuma kwa mkono, yenye visu vinavyozunguka kwa nguvu ya magurudumu. Mwingereza Edwin Budding aliibuni mwaka 1830 huko Gloucestershire, na tangu hapo haijamwomba mtu petroli wala plagi. Mwenye kibustani kidogo akijinunulia injini kubwa atatumia muda mrefu kuivuta kamba kuliko kufyeka.

Injini inaanza kuwa na maana pale eneo linapokuzidi mwili. Una nusu ekari ya nyasi za paspalum iliyonyooka? Tafuta mashine ya magurudumu yenye injini ya fostroki na upana wa kukata wa sentimita 46 hadi 53. Una eneo lenye visiki, mawe, migomba na mfereji katikati? Hapo magurudumu yatakutesa. Chukua mashine ya kubeba begani. Ndiyo wengi wetu tunayoihitaji, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa sababu inaingia popote mguu unapoingia. Kwa nyasi peke yake hutumia uzi wa nailoni, uvumbuzi wa George Ballas wa Houston, Texas, aliyepata wazo mwaka 1971 akitazama brashi zinazozunguka mahali pa kuoshea magari. Kwa matete na vichaka unaondoa uzi na kufunga kisu cha chuma.

Mashine ya kupulizia majani iache dukani. Ufagio wa chelewa unafanya kazi ile ile, hauamshi watoto wa jirani, na hautumii hata tone la mafuta. Msumeno wa mnyororo nao uache, hata kama mwembe wako umeanguka. Mwembe mmoja unamtaka mtu mmoja mwenye uzoefu, buti ngumu na msumeno wake mwenyewe, alipwe akaenda zake. Msumeno unaotumiwa mara moja kwa miaka miwili na mkono usioujua ndio unaorusha mnyororo usoni, na sioni sababu ya mtu kuhatarisha macho yake ili apate kuni za bure.

Ukishajua unachohitaji, usiende dukani bado. Nenda barabarani. Tafuta vijana wanaofyeka kando ya lami, kwenye viwanja vya shule, makanisani na makaburini. Msalimie mmoja wao, mnunulie soda, kisha muulize anatumia mashine gani, imekaa naye misimu mingapi na ikigoma anaipeleka kwa nani. Huyu anakula kwa mashine. Isipowaka, jioni harudi na kitu nyumbani, kwa hiyo hana muda wa kusifia uchafu. Chombo chake kitakuwa kimepauka, kishikio kimezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli na ekzosi imefungwa kwa waya. Kitazame kwa heshima. Hakuna tangazo la biashara ninaloliamini kuliko hilo.

Kisha pita kwa fundi wa injini ndogo aliye karibu na kwako. Hesabu mashine zilizolala sakafuni kwake: zipi zinarudi kila mara, na zipi zimefunikwa vumbi zikisubiri kifaa kisichopatikana. Hizo za vumbi ndizo za kuogopa. Mashine inayoharibika kila mwaka ikapona siku hiyo hiyo inamfaa mwenye nyumba kuliko ile inayoharibika mara moja kwa miaka mitano, halafu ikasubiri kabureta miezi minne huku nyasi zinaota mpaka juu ya paa la banda. Wengine watakwambia vinginevyo. Waulize wanakaa na nyasi za urefu gani.

Sasa twende dukani. Iwe Kariakoo na Gerezani, au Nairobi kwenye Kirinyaga Road ambayo wengi bado wanaiita Grogan, utapokewa kwa maneno yale yale: "Bosi, karibu! Hii orijino kabisa, Mjerumani huyu, inafyeka hata miti." Usibishane kuhusu Ujerumani. Jibu kwa upole: "Asante, kaka. Kabla hatujaongea bei, naomba nione kabureta ya akiba ya hii, kamba ya stata, chujio la hewa na klachi." Halafu nyamaza.

Akiingia nyuma akarudi navyo vyote, vuta kiti ukae. Umefika duka la watu wazima. Akisema vinapatikana duka la tatu kutoka hapo, nenda nawe ukavione kwa macho. Akicheka na kusema, "Hii haiharibiki, bosi," aga vizuri uondoke. Kila chenye pistoni huharibika. Anayekuambia hakiharibiki amekujulisha kwamba spea hana.

Kuna pia suala la stika. Mashine nyingi za begani zinazouzwa kwetu hutoka China, na sina ugomvi na China. Mashine zake nyingi zinafyeka vizuri, na sifa yake kubwa ni kwamba spea zake zimejaa kila kona kwa bei ya kueleweka. Ugomvi wangu ni na mtu anayebandika stika ya 52cc, 58cc au hata 62cc kulingana na alivyoamka asubuhi. Dawa ya stika ni hesabu. Tafuta namba iliyoandikwa kwenye injini, kwa mfano 1E40F au 1E44F. Ile 1 ni silinda moja, E ni tustroki, F ni kupozwa kwa hewa, na 40 au 44 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Katika injini hizi pistoni kwa kawaida husafiri milimita 34. Piga hesabu ya shule ya msingi: kipenyo cha milimita 40 kinakupa ujazo wa karibu 42.7cc, na cha 44 kinakupa karibu 51.7cc. Ukikuta 1E40F imebandikwa 52cc, mwonyeshe muuzaji kikokotoo cha simu yako. Anayedanganya kwenye jambo linalokokotoleka kwa dakika moja atakudanganya pia kwenye garantii.

Majina makubwa nayo yana mtego wake. Andreas Stihl alianzisha kampuni yake Stuttgart mwaka 1926. Husqvarna ya Sweden inahesabu umri wake tangu mwaka 1689, ilipokuwa ikitengeneza bunduki. Honda ilianza kutoa injini zake za GX mwaka 1983. Majina ya namna hiyo hayapatikani kwa siku moja, kwa hiyo wapo wanaoyaazima bila kuomba. Ukitaka jina, nunua kwa wakala aliyeidhinishwa, anayekupa kitabu, garantii yenye muhuri na karakana unayoweza kuitembelea. Bei yake itakuwa juu sana kuliko ya mlangoni Kariakoo, na hiyo tofauti ndiyo itakayokwambia ya mlangoni ilikuwa nini. Popote ununuapo, dai risiti, kwa Tanzania ile ya mashine ya kodi ya EFD, yenye aina na namba ya mashine uliyonunua. Ukiuziwa bandia utaihitaji mbele ya Tume ya Ushindani, FCC, au kwa Kenya mbele ya Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Ofisi hizo hazipokei malalamiko yanayoanza na "alikuwa kijana mmoja mrefu hivi."

Kabla ya kulipa, gusa ekzosi. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, maana injini ikipata joto huwaka hata ile iliyochoka. Ngoja ipoe. Nenda ukanywe chai, urudi. Wakati imezimwa, vuta kamba polepole: mkono unatakiwa ukutane na ukinzani mzito, uachie, kisha ukutane nao tena. Kamba ikija kilegevu tangu mwanzo mpaka mwisho, ringi hazishiki, na mashine hiyo haina pumzi. Kisha iwashwe mbele yako ikiwa baridi na iachwe ingurume taratibu. Katika mngurumo huo kichwa cha kukatia lazima kitulie kabisa. Kikizunguka bila kuongezewa mafuta, ama sailensa, yaani mngurumo wa taratibu, imepandishwa ili kuficha kuzimika, ama klachi imekwisha, na siku moja kitazunguka wakati umeinama kutoa nyasi zilizonasa.

Kwa wapenzi wa mtumba wa Ulaya na Japani, mnaweza kupata chuma kizuri kuliko kipya cha dukani, ila msinunue mpaka ekzosi ifunguliwe. Mara nyingi ni bolti mbili au tatu tu. Kwa tustroki, nyuma yake kuna tundu ambamo pistoni inaonekana. Ikiwa laini, endelea na maongezi. Ikiwa na mikwaruzo ya wima, injini hiyo ilishawahi kushika, na mwenye nayo wa kwanza aliitupa akijua kwa nini. Muuzaji anayekataa kufunguliwa bolti mbili ameshakufungulia ukweli.

Umenunua. Umefika nyumbani. Watoto wamekusanyika, mama mkwe ametoka barazani kushuhudia. Hapa ndipo injini nyingi mpya zinapouawa, na naomba usome sehemu hii mara mbili hata kama zilizotangulia umezipitia ukiwa kwenye daladala.

Injini ya fostroki hutunza oili yake mahali pake, mbali na petroli, na nyingi husafirishwa kutoka kiwandani zikiwa hazina hata tone. Mtu anajaza petroli, anavuta, inawaka, anashangiliwa, na baada ya dakika chache chuma kimesagana na chuma. Soma kitabu, jaza oili kwa kipimo kilichoandikwa. Honda GX160, kwa mfano, inachukua karibu lita 0.6, na oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, kisha kila saa 100 au miezi sita.

Tustroki haina sehemu ya oili. Oili yake inaingia ndani ya petroli, na kipimo kikikosewa hakuna fundi wa kulaumu. Kitabu kikisema 50 kwa 1, hiyo ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Kikisema 25 kwa 1, kama vitabu vingi vya mashine za China vinavyosema, ni mililita 40. Sasa tazama watu wanavyopima: kifuniko cha soda, "kidogo hivi", mpaka petroli ibadilike rangi, au wanamuuliza mwenye bodaboda. Nenda duka la dawa ukanunue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Ni la bei ya maandazi machache na linapima barabara: bomba moja kwa lita kwa 50 kwa 1, mabomba mawili kwa 25 kwa 1. Changanya kwenye galoni safi, tikisa, ndipo umimine kwenye tangi. Oili ikipungua, pistoni inashika. Ikizidi, jirani anadhani unafukiza mbu, plagi inalowa na ekzosi inazibwa na masizi.

Aina ya oili ni muhimu vile vile, na nawasihi hasa wenzangu wa Tanga, Mafia, Unguja na Lamu. Dukani kwenu kuna oili nzuri sana yenye alama TC-W3, na wavuvi wanaitumia kila siku. Imetengenezwa kwa injini za boti, zinazopozwa kwa maji ya bahari. Mashine yako inapozwa kwa upepo, ni ya moto zaidi, na inataka oili yenye alama JASO FC au FD. Kuwaka itawaka kwa ile ya boti, na hapo ndipo hatari ilipo, maana utaizoea.

Petroli nayo haikai. Iliyochanganywa na oili itumie ndani ya mwezi. Usinunue lita tano kwa kazi ya lita moja. Nunua kituo chenye wateja wengi, kwa sababu mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa yanaumiza injini ndogo kuliko kubwa. Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji, na Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa ugonjwa huo huo. Masika yakiisha, mwaga kilichobaki tangini, washa mashine uiache mpaka ijizime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Asiyefanya hivyo anaacha petroli igande kuwa utomvu kwenye vitundu vyembamba, na vuli ikianza atamkuta fundi ana foleni ya watu wenye kosa hilo hilo, kila mmoja akiapa kwamba aliiacha nzima.

Kwa wa milimani, neno fupi. Hewa ikiwa nyepesi injini inapungukiwa. Kitabu cha Honda kinasema nguvu hupungua kwa karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, hiyo ni kama sehemu moja ya tano, na Limuru au Njombe ni zaidi. Ukinunua mashine iliyopimwa Dar es Salaam ukaipandisha Njombe, itatoa moshi mweusi na kukohoa mpaka fundi arekebishe kabureta. Usiirudishe dukani ukidai feki kabla ya hapo.

Uzi wa nailoni ununue wa unene ulioandikwa kwenye kichwa, mara nyingi milimita 2.4 hadi 3. Wenye tamaa hufunga mnene zaidi wakidhani utafyeka zaidi, kumbe unaichosha injini na kuunguza klachi. Uzi uliokaa juani dukani hukauka na kukatika ovyo. Uloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha, nailoni hunywa maji na kulainika.

Na mwili wako je? Spea zake hazipo Gerezani. Miwani ya kukinga macho, viziba masikio, suruali nzito na buti ni sehemu ya bei ya mashine, kwa hiyo viweke kwenye bajeti kabla hujachagua ukubwa wa injini. Kinga ya plastiki iliyo juu ya kisu, ile ambayo mafundi wa kila mtaa huing'oa wakisema inasumbua, iache mahali pake. Watu wote wakae mita 15 mbali, kuku wakiwemo, na mama mkwe arudi barazani. Kijana unayemlipa kufyeka akija na ndala, mpe buti au mrudishe. Hilo silisemi kwa utani hata kidogo: kisu cha chuma kikigonga jiwe hakiulizi mguu ni wa nani.

Limebaki moja, nalo ni jirani. Mashine yako ikishawaka kwa mvuto mmoja Jumamosi mbili mfululizo, atakuja kuiazima, na huwezi kumkatalia mtu mliyezikiana. Mpe, ila mpe pamoja na galoni lako la mafuta yaliyokwisha kuchanganywa, umwambie mbele ya mke wake kwamba asiongeze kitu kutoka kituoni. Yakiisha, na arudi kwako na galoni. Mchanganyie wewe.